Maabara ya taifa ya vipimo: nani anailipia, na biashara yako inaingiaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayojirudia kila tunapokaa na wasindikaji, wenye viwanda, mafundi mizani na vijana wanaotaka kufungua maabara. Majibu yanahusu zaidi Tanzania Bara. Ada hatukuziandika kwa makusudi, kwa kuwa hupangwa kwa kanuni na kanuni hubadilika. Ziulize kwenye taasisi yenyewe kabla hujapanga bajeti.

## Misingi

1. Sayansi ya vipimo ni nini, na "ugezi" ni kitu gani?

Ukiandika kwenye mfuko "kilo 25", umetoa ahadi, na nyuma yake kuna mnyororo mrefu. Mizani yako ililinganishwa na mawe ya mizani ya fundi au mkaguzi. Mawe yale yalilinganishwa na ya maabara ya taifa, na ya maabara ya taifa yakalinganishwa na ya maabara ya nje, hadi kufikia ufafanuzi wa kilo yenyewe. Tangu tarehe 20 Mei 2019 ufafanuzi huo hautegemei tena kipande cha platini na iridi kilichotunzwa Sèvres, Ufaransa. Unatokana na namba ya maumbile iitwayo namba ya Planck, ambayo ni ileile Sèvres na Songea.

Sayansi ya vipimo, au metrolojia, ndiyo inayoushika mnyororo huo usikatike. Ugezi ni kazi ya pete moja ya mnyororo: kukilinganisha chombo chako na kingine kinachojulikana kwa usahihi zaidi, kisha kuandika tofauti iliyoonekana na ukubwa wa mashaka yaliyobaki. Ugezi si matengenezo. Mtoto akipelekwa kliniki hupimwa na kadi ikaandikwa, lakini kadi haimwongezei uzito. Watu wengi hulipia ugezi wakidhani mizani itarudi "imetengenezwa", wakasikitika bure.

2. TBS na Wakala wa Vipimo wana tofauti gani? Wote si wanapima?

Hili huulizwa kuliko yote, na kulichanganya hugharimu muda.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na sasa likiendeshwa chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya 2009, ndilo lenye maabara ya taifa ya ugezi. Hapo Ubungo, Dar es Salaam, ndipo vinapotunzwa vipimo rejea vya nchi, yaani vile ambavyo vingine vyote hulinganishwa navyo, vya uzito, urefu, joto, presha, ujazo, umeme na vinginevyo. Kiwanda kinachotaka kujua kipimajoto cha tanuri lake kinasoma sawasawa kinakwenda huko.

Wakala wa Vipimo, ulioanza mwaka 2002, unasimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Kazi yake ni kumlinda anayeuza na anayenunua: mizani ya sokoni na ya kununulia korosho, pampu za mafuta, malori ya mafuta, dira za maji, na uzito wa bidhaa zilizofungashwa. Kazi hii inaitwa uhakiki, nayo ni lazima kisheria. Mizani isiyo na stika ya uhakiki haifai kufanyia biashara hata kama inasoma vizuri.

Kwa ufupi, ugezi hukupa namba na uhakiki hukupa ruhusa. Viwanda vingi vinahitaji vyote viwili (tazama swali la 6).

3. Kwa nini serikali iigharamie kazi hii? Kwa nini isiachiwe sekta binafsi?

Kwa sababu pete ya juu ya mnyororo haiwezi kujilipa. Mawe rejea ya uzito hukaa kwenye chumba ambacho joto na unyevu haviruhusiwi kuyumba, usiku na mchana, hata umeme ukikatika. Kila baada ya muda hupelekwa nje kulinganishwa. Mtaalamu wake husomeshwa kwa miaka. Ukizigawa gharama hizo kwa wateja wachache wanaoitumia huduma hiyo ya juu kabisa, hakuna atakayeimudu. Lakini wanaofaidika ni mamilioni: kila anayenunua nusu kilo ya sukari, kila mama ambaye chanjo ya mwanawe imetunzwa kati ya nyuzi 2 na 8.

Sababu ya pili ni haki. Mwenye duka na mteja wake wakigombana juu ya uzito, lazima pawe na jiwe ambalo si la mmoja wao.

Ya tatu ni soko la nje, na hapo tuna kumbukumbu chungu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa hofu ya mabaki ya viuatilifu. Wavuvi walilala njaa wakati hoja kubwa mezani ilikuwa hii: nani amepima, na kwa nini tumwamini? Maabara ya samaki ya Nyegezi, Mwanza, ilivyokuja kuimarishwa baadaye ni sehemu ya jibu la swali hilo. Kipimo kinachoaminika hakijengwi ndani ya wiki moja meli ikiwa inasubiri bandarini.

4. Fedha zenyewe zinatoka wapi?

Vyanzo ni vitatu. Kuna fedha zinazoidhinishwa na Bunge kupitia Wizara ya Viwanda na Biashara. Kuna ada zinazolipwa na wateja. Kuna pia misaada ya wadau wa maendeleo: PTB, taasisi ya taifa ya vipimo ya Ujerumani, imesaidia kwa miaka mingi kujenga uwezo wa vipimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, nayo imekuwa na miradi ya ubora wa bidhaa.

Neno moja la tahadhari. Msaada hununua mashine vizuri, lakini mara chache hulipia vipuri vya mwaka wa sita. Kwa hiyo tunapozungumzia fedha za umma kwa sayansi ya vipimo, tusiangalie siku ya kukata utepe tu. Tuangalie bajeti ya matunzo.

5. Kama serikali inalipia, mbona natozwa?

Unacholipia ni saa za mtaalamu, usafiri wake na cheti. Hulipii jengo, hulipii vipimo rejea, hulipii safari ya mawe kwenda kulinganishwa nje. Sehemu hiyo nzito imeshabebwa na kodi, zikiwemo zako. Ndiyo maana nasema mfanyabiashara asiyeitumia maabara ya taifa ameshalipia kiti ambacho hakikalii.

## Kutumia huduma

6. Nitajuaje kama chombo changu kinahitaji ugezi, uhakiki, au vyote viwili?

Jiulize mambo mawili. Kwanza, je, namba ya chombo hiki inatumika kumtoza au kumlipa mtu? Kama ndiyo, ni uhakiki, nenda Wakala wa Vipimo. Pili, je, namba hii ikikosea, bidhaa itaharibika, mtu ataumia, au mnunuzi atakataa mzigo? Kama ndiyo, ni ugezi, nenda TBS au maabara binafsi yenye ithibati, yaani iliyokaguliwa na chombo huru kikathibitisha kwamba inaiweza kazi hiyo.

Chukua kiwanda kidogo cha maziwa. Mizani ya kupokelea maziwa ya wafugaji inahitaji uhakiki. Kipimajoto cha kuchemshia hakimtozi mtu chochote, lakini maziwa yanatakiwa yafike nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa dakika 30. Kikizidisha nyuzi 3, unauza maziwa yasiyoiva ukiwa na dhamiri safi. Hicho ni cha ugezi. Mizani ya kufungashia, ambayo mteja analipia uzito wake na wewe unaitegemea kudhibiti hasara, ifanyie vyote viwili.

7. Nimenunua mizani mpya Ulaya yenye cheti cha kiwandani. Si inatosha?

Haitoshi, na sababu yake ni fizikia kabla ya kuwa sheria.

Mizani nyingi za kielektroniki hazipimi wingi wa kitu moja kwa moja. Zinahisi jinsi dunia inavyokivuta. Mvutano huo si sawa kila mahali: kadiri unavyosogea kwenye ikweta na kupanda juu, unapungua. Mizani iliyorekebishwa Berlin ikiletwa Dar es Salaam bila kuguswa, mzigo wa kilo 100 utasoma kama kilo 99.7. Gramu 300 zimepotea bila mtu kuiba. Hata ndani ya nchi, ukiitoa mizani Dar es Salaam usawa wa bahari ukaipeleka Dodoma, zaidi ya mita 1,000 juu, utakuta tofauti ya gramu 20 hadi 30 kwa kilo 100. Kwa mahindi si neno, lakini kwa dhahabu ni fedha.

Kwa hiyo mizani hurekebishwa na kufanyiwa ugezi pale itakapotumika, si pale ilipotengenezwa. Zaidi ya hapo, aina mpya ya mizani inayokusudiwa kwa biashara inatakiwa kuidhinishwa na Wakala wa Vipimo kabla ya kuingia sokoni. Muulize muuzaji kibali hicho kabla hujatoa hela.

8. Cheti cha ugezi nimekipata. Nakisomaje?

Usikitundike. Kisome.

Niliwahi kuingia kiwanda kimoja cha unga, cheti kimewekwa fremu nzuri ukutani juu ya mashine ya kufungashia. Nilipokisoma, kilikuwa kinasema wazi kwamba mizani inasoma pungufu. Mwaka mzima, hakuna aliyekuwa amekifungua kukiangalia. Fikiria kiwanda kama hicho kinafunga mifuko 2,000 ya kilo 25 kwa siku na kila mfuko unaingia gramu 50 za ziada. Hizo ni kilo 100 za unga zinazotolewa bure kila siku. Kwa siku 300 za kazi ni tani 30.

Angalia mambo manne. Usomaji wa chombo na thamani halisi, yaani ule mstari unaosema, kwa mfano, "chombo: 25.00, halisi: 25.05". Mashaka ya kipimo, yaani ile alama ya kujumlisha na kutoa. Kama tofauti ni gramu 5 na mashaka ni gramu 10, huwezi kudai mizani ni mbovu wala kuapa kuwa ni nzima. Kisha tazama mnyororo: cheti kinataja vipimo rejea vilivyotumika na vililinganishwa wapi? Mwisho, alama ya ithibati, ambayo imejadiliwa kwenye swali la 17.

Cheti hakitakuambia "umefaulu" isipokuwa uliomba hivyo na ukataja kiwango unachokitaka. Uamuzi ni wako, kwa sababu wewe ndiye unayejua kazi ya chombo.

9. Nifanye ugezi kila baada ya muda gani?

Uhakiki wa kisheria ni wa kila mwaka kwa vyombo vingi vya biashara. Ugezi hauna muda mmoja kwa wote. Anza na mwaka mmoja, tunza vyeti vitatu mfululizo, uone chombo kinavyosogea. Kikiwa kimetulia, refusha. Kikiyumba, fupisha. Na kila kikianguka, kikihamishwa au kikitengenezwa, hesabu inaanza upya.

10. Mimi ni mjasiriamali mdogo, nasindika siagi ya karanga. Kuna nafuu yoyote?

Ipo, na ni mojawapo ya sehemu ambazo fedha ya umma inafika mezani kwa mtu wa kawaida. Serikali hutenga fedha kupitia TBS kugharamia alama ya ubora kwa wajasiriamali wadogo. Mlango wake ni SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo: unajitambulisha kwenye ofisi ya mkoa wako, wanakagua mahali unapozalishia, wanakupa barua ya utambulisho kwenda TBS. Kwa utaratibu uliozoeleka, miaka mitatu ya mwanzo hulipii gharama za ukaguzi na upimaji wa sampuli. Baada ya hapo unaanza kuchangia.

Mambo mawili huwaangusha watu hapa. Wengine huenda TBS moja kwa moja bila barua ya SIDO na kuambiwa walipe kama kiwanda kikubwa. Wengine hudhani nafuu hii inahusu kila kitu. Inahusu alama ya ubora wa bidhaa, haifuti uhakiki wa mizani yako. Mkikusanyika kwenye kikundi, mwombe mkaguzi wa Wakala wa Vipimo ahakiki mizani zenu zote siku moja mahali pamoja. Mtapoteza muda mchache zaidi.

## Kushiriki kwa namna nyingine, si kama mteja tu

11. Naweza kuwa na sauti kwenye viwango vyenyewe?

Ndiyo, na sauti za wafanyabiashara wadogo ndizo zinazokosekana. Viwango vya taifa huandikwa na kamati za kitaalamu zinazokaa TBS, na ndani yake huwa wamo wazalishaji, watafiti, wasimamizi na watumiaji. Mzalishaji anaweza kuomba nafasi akionyesha uzoefu wake. Hakuna mshahara, na muda wako ndio mchango. Asiyeweza kukaa kwenye kamati anaweza kusoma rasimu zinapotolewa kwa maoni, kwa kawaida siku 60, na kuandika: kifungu hiki kinanitaka nipime kitu ambacho hakuna maabara mkoani kwangu inayokipima. Sentensi moja kama hiyo, ikiwa na ushahidi, huweza kubadili kifungu.

12. Nataka kufungua biashara ya ugezi au ufundi mizani. Naruhusiwa?

Unaruhusiwa, na nchi inakuhitaji. Maabara ya taifa haikusudiwi kuzunguka kila kiwanda. Inatakiwa iwahudumie wale watakaowahudumia wengine.

Fundi anayetengeneza au kuuza mizani za biashara lazima apate leseni ya Wakala wa Vipimo. Baada ya fundi kutengeneza, mkaguzi ndiye anayehakiki na kubandika stika. Fundi haruhusiwi kufanya hivyo.

Maabara binafsi ya ugezi hufuata kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, ISO/IEC 17025, toleo la 2017. Mawe yako yatafanyiwa ugezi na maabara ya taifa, kisha utaomba ithibati. Kwa Tanzania ithibati hutolewa zaidi na SADCAS, yenye makao Gaborone, Botswana. Anza na kitu kimoja, mizani au vipimajoto, ukifanye vizuri. Nimeona watu wakinunua vifaa vya fani tano kwa mkopo, na wakashindwa kulipia ugezi wa vifaa hivyo hivyo mwaka uliofuata.

13. Nina wazo la kifaa kipya cha kupimia. Nani atanisaidia kukiendeleza?

Gonga hodi Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ambayo husimamia fedha za utafiti na ubunifu na hutangaza nafasi za kuomba. Maombi hupata nguvu ukiwa na mwenza: chuo kikuu, au taasisi za umma za utafiti na teknolojia kama TIRDO ya Dar es Salaam, na TEMDO na CAMARTEC za Arusha. Mashindano ya taifa ya ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, nayo yamewatoa wabunifu wengi wasio na digrii.

Kosa la kawaida ni kujenga kifaa kwanza na kufikiria ugezi mwishoni. Kipimaji cha unyevu wa korosho, kwa mfano, hakina maana bila kujua kimekosea kwa kiasi gani ukilinganisha na njia ya kukausha kwenye oveni. Weka gharama ya ugezi ndani ya andiko la mradi tangu siku ya kwanza. Wakaguzi wa maandiko hulitafuta hilo.

14. Kiwanda chetu kinahitaji kipimo ambacho maabara ya taifa haina. Tunawezaje kuishawishi ikinunue?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe zaidi, kwa sababu watu wengi huishia kulalamika chumbani.

Maabara haiwezi kununua kila kitu. Huchagua kwa kuangalia mahitaji, na mahitaji yanayoonekana ni yale yaliyoandikwa. Barua ya kiwanda kimoja isemayo "tunaomba mtusaidie" itawekwa faili. Barua ya viwanda sita isemayo "kila mwaka tunapeleka nje vyombo 40 vya kupimia mtiririko wa maji, tunakaa wiki nane bila vyombo hivyo, tunalipa kiasi hiki kwa fedha za kigeni" inakuwa hoja ya bajeti. Ndani ya barua hiyo weka vipimo vyenyewe: kuanzia kiasi gani hadi kiasi gani, na mashaka makubwa mnayoweza kuyavumilia. Bila namba hizo maabara inaweza kununua mashine nzuri isiyowafaa.

Muda nao una kazi yake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na wizara husoma bajeti zao bungeni kabla ya hapo. Ukipeleka hoja mwezi wa Mei umechelewa. Ipeleke kati ya Septemba na Desemba, taasisi zinapoandaa mipango. Pitia umoja wenu: Shirikisho la Wenye Viwanda, TCCIA (chemba ya biashara, viwanda na kilimo), au chama cha zao lenu.

Wenzetu Uingereza wamekwenda hatua nyingine. Pale Teddington kuna maabara ya taifa ya fizikia, NPL, iliyoanzishwa mwaka 1900. Kupitia mpango wa Innovate UK, wakala wa ubunifu wa serikali ya huko, uitwao Analysis for Innovators, biashara yenye tatizo la kipimo huomba, na serikali hulipia muda wa wanasayansi wa maabara za taifa kulitatua. Kampuni haihitaji kuwa na wanasayansi wake, inahitaji tatizo halisi. Ningefurahi sana kuona mlango kama huo hapa, hata kwa viwanda kumi tu kwa mwaka. Barua za pamoja ndizo zitakazoonyesha kwamba unahitajika.

15. Naweza kuiuzia maabara ya taifa bidhaa au huduma?

Ndiyo, kupitia mfumo wa ununuzi wa umma NeST, kama taasisi nyingine za serikali. Jisajili mapema. Fursa si mashine kubwa tu; kuna viyoyozi, mitungi ya gesi, usafirishaji wa vyombo tete na matengenezo ya umeme.

## Hali zisizo za kawaida

16. Kipimo ninachohitaji hakifanyiki nchini kabisa. Nifanyeje leo, wakati nasubiri?

Uliza kwanza nje ya TBS, maana si kila kipimo kiko Ubungo. Vipimo vya mionzi, kwa hospitali na migodi, viko kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, Arusha. Masuala ya kemia yanaweza kuwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kituo cha Wakala wa Vipimo cha Misugusugu, Kibaha, kinapima malori ya mafuta na dira za maji.

Ikikosekana, tazama Kenya au Afrika Kusini kabla ya Ulaya. Unapotuma chombo nje, pata nyaraka za forodha zinazoonyesha kinatoka kwa muda na kitarudi. Bila hizo unaweza kudaiwa ushuru wa chombo chako mwenyewe mpakani.

17. Mnunuzi wa nje amekataa cheti changu cha ugezi. Ana haki?

Inategemea. Kuna njia mbili za cheti kutambulika nje. Ya kwanza ni mkataba wa kutambuana kati ya maabara za taifa, uliosainiwa Paris mwezi Oktoba 1999. Uwezo uliokubalika wa kila nchi umeorodheshwa hadharani na taasisi ya kimataifa ya vipimo na uzani. Ya pili ni ithibati kutoka chombo kinachotambuliwa kimataifa, kama SADCAS au KENAS ya Kenya.

Kwa hiyo kabla ya kugombana, angalia wigo wa ithibati, yaani vipimo gani inavihusu. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya mizani hadi uzito fulani na isiwe nayo kwa presha. Cheti cha presha kutoka maabara hiyo ni cheti halali, ila hakina nguvu ileile kwa mnunuzi wa Hamburg. Omba kuona wigo *kabla* ya kulipa.

18. Vipi Zanzibar, Kenya na Uganda?

Zanzibar ina Taasisi yake ya Viwango, ZBS, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kenya kazi ya maabara ya taifa iko KEBS, Nairobi. Uganda iko UNBS, ambayo inabeba pia uhakiki wa biashara. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya viwango, ubora, vipimo na upimaji ya mwaka 2006 inalenga nchi hizi zitambuane, lakini stika ya uhakiki ya nchi moja haikupi ruhusa ya kuuzia nchi nyingine. Mizani ikivuka mpaka, anza upya.

19. Sisi sokoni tunauza kwa debe, kisado na lumbesa. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu kuliko mtu yeyote. Debe linapima ujazo, na ujazo haujui kama mahindi ni makavu au mabichi, wala kama debe limebondwa kitako. Lumbesa ni mbaya zaidi: mkulima anayeuza gunia lililoshonewa "kilemba" anauza kilo ambazo hakulipwa. Kanuni zinataka mfuko wa mazao usizidi kilo 100, na zaidi ya uzito, mgongo wa mpakiaji unavunjika pia. Pale ambapo chama cha msingi kimenunua mizani moja na kuihakiki, wakulima wamekuwa na kitu cha kushika wanapobishana bei na mnunuzi. Ukitaka kuanzisha hilo kijijini, hatua ya kwanza ni ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa.

20. Ugezi umeonyesha chombo changu kimekosea. Nifanye nini kuhusu bidhaa nilizokwisha kuuza?

Kwanza, chombo kisirekebishwe hadi usomaji wa awali uandikwe. Mafundi wenye haraka huzungusha skrubu, wakaandika matokeo mazuri, na ushahidi wako ukafutika. Mwambie fundi kabla hajafungua boksi: nataka namba za kabla na za baada.

Kisha rudi kwenye cheti kilichopita. Kati ya tarehe hizo mbili, kosa lilianza siku isiyojulikana, kwa hiyo bidhaa zote za kipindi hicho ziko kwenye swali. Kama una jiwe la mizani la kukagulia kila asubuhi na daftari la kuandika usomaji, kipindi hicho kinaweza kupungua kutoka miezi 12 hadi siku mbili. Jiwe na daftari ni bei ndogo sana kwa faida hiyo.

Baada ya hapo linganisha kosa na kazi ya chombo. Kama uliwapa wateja zaidi, hasara ni yako na imekwisha. Kama uliwapunja nje ya kiwango kinachoruhusiwa, zuia stoo iliyobaki, ipime upya, na waarifu wanunuzi wa jumla kwa barua yenye namba za bechi. Ikiwa ni kipimajoto cha dawa, chanjo au chakula cha watoto, usisubiri barua. Piga simu siku hiyohiyo.